Josho Halizuii Mapele ya Ngozi

Wafugaji wa Mwala, Yatta na Masinga huniuliza swali moja kila mvua zikishanyesha: je, huu ugonjwa wa mapele ya ngozi, ambao wengi wetu tumezoea kuuita lampi, unaletwa na kupe? Nyuma yake kuna swali kubwa zaidi, iwapo kupe anaweza kabisa kusambaza magonjwa ya virusi kati ya ng'ombe. Jibu langu lina sehemu mbili, na anayeshika moja akaiacha ya pili ndiye anayepoteza mifugo. Kupe anaweza kubeba virusi na kuviambukiza; hilo tunalijua hapa Kenya tangu enzi za ukoloni. Lakini virusi vinavyowaangusha ng'ombe wa Machakos havimtegemei kupe, na vitaendelea kuenea hata ukiwaogesha ng'ombe wako kila wiki bila kukosa. Kupe akiua ng'ombe wetu, karibu kila mara humuua kwa vimelea ambavyo si virusi. Mfugaji anayemaliza pesa zake zote kwenye dawa ya kupe akakosa za chanjo amejikinga na nusu tu ya hatari.

Tuanze na kupe mwenyewe. Mfunge ng'ombe vizuri, likunjue sikio lake, uangalie ukingo wa ndani penye nywele chache. Kupe wa kahawia, ambaye jina lake la kitaalamu ni Rhipicephalus appendiculatus, hupenda kukaa hapo, wamebanana, midomo imezama ngozini. Jike aliyeshiba amevimba akawa wa kijivu, mkubwa kama punje ya mahindi. Dume aliye ubavuni mwake ni mdogo, bapa, na ana tabia ya kuhamahama ambayo nitaieleza baadaye. Kupe huyu hunyonya mara tatu katika maisha yake: akiwa mchanga mwenye miguu sita, akiwa kijana mwenye miguu minane, na akiwa mkomavu. Kila akishiba huanguka chini, akajificha nyasini, akajivua gamba na kungoja mnyama mwingine apite. Kungoja huko huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kwa hiyo kiini cha ugonjwa kinachotaka kusafiri naye kina kazi ngumu. Ni lazima kisimeng'enywe pamoja na damu, kipenye ukuta wa utumbo, kiendelee kuishi wakati mwili wa kupe unajengwa upya, kisha kifike kwenye tezi za mate kabla hajauma tena. Vimelea vya ndigana kali, Theileria parva, vimeizoea njia hiyo kikamilifu. Virusi vingi haviiwezi.

Vichache vinaiweza, na mfano ulio wazi kuliko yote umebeba jina la mji wetu mkuu. Kuanzia mwaka 1910, mtaalamu wa mifugo R. Eustace Montgomery, aliyefanya kazi Kabete, alichunguza ugonjwa wa kuharisha uliokuwa ukiua kondoo na mbuzi karibu na Nairobi, na mwaka 1917 akachapisha maelezo kwamba unaletwa na kupe. Leo tunauita ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, na tunajua chanzo chake ni virusi. Kupe wa kahawia huvibeba kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine, na jike huweza kuvipitisha kwenye mayai yake. Kondoo asiye na kinga hupandwa na homa, huharisha hadi damu, na katika kundi geni vifo vinaweza kufika asilimia 90. Ng'ombe haugui kwa virusi hivi. Hata hivyo ng'ombe ndiye anayewalisha kupe wakomavu hadi wakataga mayai kwa maelfu, kwa hiyo boma lenye ng'ombe wasioogeshwa huwaandalia mbuzi wa jirani kifo. Hili linatuhusu sana. Kupe wa kahawia hapendi ukame mkali, hivyo mbuzi aliyekulia nyika kavu hana kinga. Akinunuliwa huko na kuletwa kunenepeshwa kwenye vilima vya Kangundo au Kathiani penye majani mabichi na kupe, huenda asimalize wiki mbili. Mwenyewe atasema kapewa sumu, au kabadilishiwa malisho ghafla.

Mfano wa pili ni wa kitaalamu zaidi, ila naupenda kwa sababu ulibadilisha fikra za dunia nzima. Mwaka 1960, kupe waliokusanywa kutoka kwa ng'ombe katika msitu wa Thogoto, Kiambu, walikutwa na virusi vipya, vikapewa jina la mahali hapo. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza, akiwemo Patricia Nuttall, waliwaweka kupe wa kahawia wenye virusi vya Thogoto pamoja na kupe safi wakinyonya kwenye mnyama mmoja wa maabara. Kupe safi waliambukizwa, ingawa damu ya mnyama yule haikuonyesha virusi vyovyote. Virusi vilitoka kwa kupe hadi kwa kupe kupitia ngozi, vikisaidiwa na mate yao, ambayo hulegeza ulinzi wa mwili mahali wanapouma. Fikiria sasa lile sikio lililojaa kupe. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa, apimwe damu ikutwe safi, na bado awe uwanja ambapo kupe wanapeana virusi. Mwaka 1999, kupe waliobanduliwa kwenye ngozi za ng'ombe katika machinjio ya Nairobi walitoa virusi vingine visivyojulikana awali, navyo vikaitwa virusi vya Kupe. Kwa hiyo anayedai kwamba kupe hana uhusiano wowote na virusi hajasoma hata kazi zilizofanyika mlangoni petu.

Lakini hakuna ng'ombe wa Machakos ninayemjua aliyekufa kwa virusi vya Thogoto. Kuwepo kwa virusi ndani ya kupe ni jambo moja, na kupe kueneza ugonjwa ni jambo jingine. Kosa la kuyachanganya mambo hayo mawili hufanywa hata na watu waliosoma. Maabara ikipata chembe za urithi za virusi vya lampi ndani ya kupe aliyetolewa kwa ng'ombe mgonjwa, haijathibitisha lolote zaidi ya kwamba kupe huyo amekunywa damu ya mgonjwa au amenyonya kwenye pele. Ili tuseme anaeneza, tunahitaji kuona kupe yuleyule, au kizazi chake, akihamishiwa kwa mnyama safi na mnyama huyo akaugua.

Kwa lampi, jaribio la namna hiyo limefanyika. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Zambia mwaka 1929, na Kenya ulionekana mwaka 1957. Unasababishwa na virusi vya jamii moja na ndui ya kondoo na mbuzi. Mwaka 2011 Eeva Tuppurainen na wenzake waliripoti kwamba madume ya kupe wa kahawia, yakitolewa kwenye ngozi ya ng'ombe mgonjwa na kuwekwa kwa mzima, yaliweza kumwambukiza. Hapo ndipo ile tabia ya dume ya kuhamahama inapoingia: jike hung'ang'ania mahali pamoja hadi ashibe, lakini dume hunyonya kidogo, hujitoa, huzunguka kutafuta jike, na ng'ombe wakilala wamegusana anaweza kuvuka. Watafiti hao walionyesha pia kwamba kupe wa buluu, aina nyingine ya kupe wa ng'ombe, huweza kupitisha virusi hivyo kwenye mayai. Jambo hilo ni muhimu kwa sababu kupe wa buluu humaliza utoto na ukubwa wake kwa ng'ombe mmoja, kwa takriban wiki tatu, na asingekuwa na njia nyingine nzuri ya kuvifikisha kwa ng'ombe wa pili.

Nayaheshimu matokeo hayo, na bado nasema kupe si injini ya lampi. Angalia jinsi ugonjwa unavyokwenda. Mlipuko huanza baada ya mvua, wakati mbu na nzi wanaouma wamejaa, na hushika maboma mengi ndani ya wiki chache. Kupe harukaruki kutoka boma hadi boma. Hukaa nyasini akingoja. Mbu aina ya Aedes aegypti walionyonya kwenye vidonda vya ng'ombe mgonjwa walionyeshwa mwaka 2001 kuwa wanaweza kuwaambukiza ng'ombe wazima siku mbili hadi sita baadaye. Nzi wa mazizini, yule anayefanana na nzi wa nyumbani ila ana mdomo mgumu wa kuchoma, ana hatari kubwa zaidi kwa sababu huuma, hufukuzwa na mkia kabla hajashiba, akaruka na mdomo mbichi hadi kwa ng'ombe wa pili. Virusi hivi vimejaa kwenye mapele kuliko kwenye damu, kwa hiyo mdudu anayegusa pele na kuondoka mara moja huwa amebeba mzigo wa kutosha. Virusi havihitaji hata kuzaana ndani yake. Kupe anayekaa mahali pamoja kwa siku tano au saba hawezi kushindana na kasi hiyo. Kazi yake, kwa maoni yangu, inaweza kuwa ya kuvihifadhi virusi kipindi cha kiangazi, mlipuko ukishatulia. Hata hapo ana washindani: virusi hukaa hai kwenye magamba makavu ya vidonda kwa zaidi ya mwezi mmoja, na kwenye ngozi iliyoanikwa kwa siku 18 au zaidi. Wanaonunua ngozi mbichi na kuzisafirisha hadi viwandani Athi River walizingatie hilo.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote umetoka mbali. Lampi ilipoingia Ugiriki mwaka 2015 na kusambaa Bulgaria, Serbia, Albania na majirani zao mwaka 2016, nchi hizo zilichanja ng'ombe kwa wingi sana kwa chanjo hai. Matukio yalishuka kutoka 7,483 mwaka 2016 hadi 385 mwaka uliofuata. Hakuna aliyewamaliza kupe wala nzi wa Balkani. Ni kinga iliyo ndani ya damu ya ng'ombe iliyovizuia virusi.

Magonjwa mengine ya virusi ya ng'ombe wetu nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana utata. Midomo na miguu huenea kwa kugusana, pumzi, mate, maziwa na vyombo. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa mwaka 1931 kutoka shamba karibu na Ziwa Naivasha, huletwa na mbu, na huwaingia binadamu pia. Homa ya siku tatu huhusishwa na usubi na mbu. Hakuna hata mmoja kati ya magonjwa hayo unaozuiwa na josho.

Virusi vya kubebwa na kupe vinavyonitia hofu kweli haviui ng'ombe hata mmoja. Ni vya homa ya Crimea na Kongo. Vinabebwa hasa na kupe wa jamii ya Hyalomma, wale wenye miguu yenye pete nyeupe na nyeusi, ambao wamo kwenye nyanda kavu za Afrika Mashariki. Ng'ombe akiumwa nao, virusi huzunguka kwenye damu yake kwa siku chache bila dalili yoyote, kisha huisha. Hatari ni kwa mtu: mchinjaji aliyejikata, mchungaji anayebandua kupe kwa kucha na kuwaponda kwa vidole, mama anayepasua nyama iliyotoka kuchinjwa sasa hivi nyumbani. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwaka 2000, upande wa magharibi, naye akafariki. Uganda imekuwa na milipuko kadhaa tangu 2013. Nyama iliyokaa baada ya kuchinjwa huwa na asidi inayoua virusi hivi, na kupika humaliza kabisa, kwa hiyo mlaji asiogope. Aogope anayeshika damu mbichi na kupe kwa mikono mitupu. Kumponda kupe kwa kidole ni desturi ya kila boma nililotembelea Ukambani, na ningependa iishe.

Sasa turudi kwa kinachoua ng'ombe kupitia kupe, yaani ndigana kali. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) imekadiria kwamba ugonjwa huo huua ng'ombe zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika ukanda wetu. Mfugaji anaweza kuutofautisha na lampi kwa mikono yake. Pitisha vidole chini ya sikio la ng'ombe mwenye homa, kisha mbele ya bega. Kwenye ndigana kali utakuta mtoki umevimba, mgumu, huku ngozi juu yake ikiwa laini kama kawaida. Baadaye ng'ombe hupumua kwa shida na povu kutoka puani. Kwenye lampi mitoki huvimba pia, lakini ngozi yenyewe imejaa vinundu vigumu, vya duara, vilivyozama hadi chini, shingoni, mgongoni, kwenye kiwele na kati ya miguu. Ukikibana kinundu kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi kinasogea pamoja na ngozi. Tofauti hiyo ina thamani ya pesa. Ndigana kali ikiwahiwa hutibika kwa buparvaquone. Ndigana baridi hutibika kwa oksitetrasaiklini. Kukojoa damu kuna dawa yake. Lampi haina dawa inayoua virusi. Sindano ya antibayotiki husaidia tu vidonda visioze. Nimeona ng'ombe wa lampi wakidungwa oksitetrasaiklini siku saba mfululizo, na wa ndigana kali wakidungwa dawa hiyohiyo hadi wakafa, kwa kuwa muuzaji wa duka la dawa alisema ni "homa ya kupe" tu.

Kuna pia wanaonieleza kwamba zebu wetu hashikwi na lampi, ila wale wa gredi. Zebu huvumilia vizuri zaidi, hilo ni kweli, lakini huambukizwa. Wengine husema wananyunyizia amitraz kila wiki na nzi hawapaswi kuwa tatizo. Amitraz huua kupe. Haimgusi nzi anayeuma. Dawa za kundi la pairethroidi huua wote wawili, na wakati wa mlipuko zinafaa zaidi, ingawa hazikai mwilini muda wa kumzuia kila nzi.

Tufanye nini? Josho liendelee, na nasema hivyo kwa nguvu. Majosho ya serikali yalikufa moja baada ya jingine miaka ya 1980 na 1990, pale huduma zilipopunguzwa na kuachiwa kamati za wananchi zisizo na fedha, na tangu hapo kila mtu ananyunyiza anavyojua. Pampu ya mgongoni inatosha ikitumiwa ipasavyo: dawa ichanganywe kwa kipimo cha kibandiko, iloweshe masikio ndani na nje, chini ya mkia, kwenye kiwele na kwapa. Dawa iliyopunguzwa nguvu ili itoshe ng'ombe zaidi hufuga kupe sugu. Wiki moja kati ya mwogesho na mwingine ni kiasi kizuri dhidi ya ndigana kali, kwa sababu vimelea vyake huhitaji siku tatu au nne tangu kupe aanze kunyonya ndipo viwe tayari kuambukiza. Virusi vilivyokwisha kufika kwenye mate ya kupe havingoji siku hizo, na hii ni sababu nyingine ya kutoliamini josho peke yake.

Kwa ndigana kali kuna kinga iliyobuniwa Muguga, ambapo ng'ombe huambukizwa vimelea hai na kupewa oksitetrasaiklini ya muda mrefu papo hapo. Akipona, kinga yake hudumu miaka. Shida yake kwa mfugaji mdogo ni kwamba huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, na mrija mmoja ukifunguliwa ni wa dozi 40 hivi. Mwenye ng'ombe wawili Kathiani hawezi peke yake. Vyama vya ushirika vya maziwa vinaweza kuwakusanya wanachama siku moja, na naona aibu kwamba bado tunahitaji kulisema hili.

Kwa lampi, chanjo hutengenezwa hapahapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya taifa ya kutengeneza chanjo za mifugo, na ng'ombe achanjwe kila mwaka. Hapa nina ombi kwa wachanjaji: badilisheni sindano kwa kila ng'ombe, au angalau kwa kila boma, na msiingie na sindano iliyotumika kwenye boma lenye mgonjwa. Sindano iliyopita kwenye ngozi ya ng'ombe mwenye virusi hufanya kazi ileile ya mdomo wa nzi. Ng'ombe aliyenunuliwa sokoni akae peke yake wiki nne kabla ya kuchanganywa na wengine, na mbuzi waliotoka nyika kavu wanyunyiziwe siku wanayofika, kisha kila wiki.

Serikali ya kaunti nayo ina deni. Mfugaji huficha mgonjwa wake kwa sababu anajua akiripoti soko litafungwa kwa miezi na hatalipwa chochote. Ukambani tuna kumbukumbu ya mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza watu hadi Nairobi kupinga ng'ombe wao kuuzwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni, wakati kiwanda cha Liebig kikingoja nyama Athi River. Watu waliorithi kumbukumbu hiyo hawatamfungulia afisa zizi kwa sababu tu sheria inasema. Karantini iwe fupi, ya eneo dogo, itangazwe pamoja na tarehe ya kuisha, na chanjo ifike kabla ya polisi. Sampuli zipelekwe maabara ya Kabete na majibu yarudishwe kwa mfugaji aliyezitoa.

Mwisho ni suala la kalenda. Chanjo ya lampi huhitaji takriban wiki tatu ndipo kinga ikamilike, na Machakos mvua tunazozitegemea zaidi ni za vuli, zinazoanza Oktoba. Kuchanja Novemba, mapele yakishaonekana kwa jirani, ni kuchanja ng'ombe ambao baadhi yao tayari wameambukizwa. Magari ya chanjo yanapaswa kuwa Masii, Matuu na Wamunyu wiki ya kwanza ya Septemba, na bajeti ya mafuta yake ipitishwe kabla ya Julai.